Jeki Aliyoazima Mwidani

Kwa miaka kumi na minane Mwanabibi Mwinyihamisi wa Mtongwe alifanya kazi ya kutoamini watu. Alikuwa karani wa lakiri katika ghala moja la makontena kule Changamwe. Kila kontena lililoingia au kutoka, yeye ndiye aliyelisogelea na ubao wake wa karatasi, akasoma nambari ya lakiri, ule muhuri unaofunga mlango, akaivuta kwa vidole kuona kama imekatwa ikagandishwa kwa gundi, kisha akainama kutazama kama bawaba za mlango zina mikwaruzo mipya. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alisema tu, "Fungua tuone," na dereva aliyekuwa na la kuficha alianza kutokwa na jasho.

Ghala lilipopunguza wafanyakazi, alinunua Toyota Probox kuukuu, akaanza kupeleka mboga kutoka soko la Kongowea hadi jikoni mwa shule mbili za bweni huku Likoni. Kazi ilibadilika, yeye hakubadilika. Nyanya alizipindua kreti nzima kutazama za chini. Na fundi alipomwambia kwamba amemtilia pedi mpya za breki, Mwanabibi alimshukuru, akarudi nyumbani, akatafuta njia ya kuchungulia kwa tochi kupitia matundu ya rimu. Zile pedi kuukuu alikuwa amezitia alama kwa rangi ya kucha, nyekundu, kabla ya kulipeleka gari. Alama ile bado ilikuwepo.

Hakwenda kugombana. Alimaliza wiki mbili akitazama mafunzo ya breki kwenye simu, akanunua spana, na siku moja wakati wa chai ya asubuhi akamwambia mumewe kwamba kuanzia sasa gari lake atalishughulikia mwenyewe. Kilichobaki ni jeki tu.

Mumewe, Mwidani, aliweka kikombe chini. Mwidani alikuwa fundi cherehani, na kanzu zake zilivaliwa Mtongwe mpaka mtaa wa Shika Adabu, hadi mwaka ule gari lao la kwanza lilipomwangukia mkono wa kushoto. Vidole vitatu havikukunjika tena. Tangu hapo aliuza vitambaa na vifungo kwenye kibanda mbele ya nyumba, na cherehani akaifunika kwa shuka.

"Mama Nasreen," alisema, "mambo ya jeki yaache. Nyumba hii imeshaumia mara moja."

Mwanabibi aliyachukua maneno yale kuwa ni huruma. Hata yeye alikuwa na yake moyoni kuhusu jeki. Ile iliyomuumiza Mwidani, miaka tisa nyuma, haikuwa yao. Waliiazima kwa Ruwa, fundi wa Kiduruma aliyekuwa na gereji ndogo nyuma ya msikiti, mtu aliyekuwa akila sikukuu kwao na wao wakila Krismasi kwake. Mwanabibi aliitwa kutoka kazini, akafika hospitali, akaambiwa jeki ilishuka. Kwa maoni yake, Ruwa aliwaazima watu chuma kibovu akijua ni kibovu. Alilisema hilo hospitalini, akalisema nyumbani, akalisema nyumba hadi nyumba, kwa sauti ileile ya taratibu ya karani anayesoma nambari. Watu walimwamini, kwa sababu Mwanabibi hakuwa mtu wa kusema asichokichunguza. Haukupita mwaka, gereji ya Ruwa ilikosa magari, akafunga, akahama upande wa Kisauni. Hawakuonana tena.

Kwa hivyo safari hii alitaka jeki isiyo na shaka. Alitaka ile ya kulala, yenye magurudumu, inayosukumwa chini ya gari kama toroli na kupandishwa kwa mpini mrefu. Jeki fupi ya wima iliyokuja na Probox hakutaka hata kuigusa.

Duka la kwanza lilikuwa Kisauni, na jina lake halina haja ya kutajwa. Jeki zilipangwa mlangoni, nyekundu, zinang'aa, kila moja imebandikwa karatasi iliyoandikwa tani tatu. Muuzaji alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alimwita mama, akamletea kiti, akaapa wallahi mara tatu kabla hajaulizwa neno. Mwanabibi aliinua jeki moja kwa mkono mmoja na ikainuka. Hilo peke yake lilimtia wasiwasi, maana chuma cha kubeba tani tatu hakiwezi kuwa chepesi kama sufuria ya pilau. Akapitisha kucha kwenye ukingo wa ile karatasi. Ilijikunja. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, ya kiwandani, imeandikwa tani moja na nusu.

Muuzaji alisema hayo ni makosa ya huko ilikotoka. Mwanabibi aliibandika karatasi vizuri kama alivyoikuta, akaaga.

Duka la pili, huko huko, jeki zilikuwa nzito, lakini aliziona zote zimepanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Akauliza kwa nini. Akaambiwa ni kwa ajili ya kutu. Alipochomeka kidole chini ya silinda kikatoka kimelowa, oili mbichi, akajua wanapangusa ili uvujaji usionekane kwenye vumbi.

Wiki iliyofuata alipita barabara ya Dongo Kundu hadi Changamwe, mtaa aliouzoea, akaenda kwa mtu anayeitwa Kimani, ambaye madereva wa malori walikuwa wakimtaja tangu siku za ghala. Duka la Kimani lilikuwa chumba kirefu chenye giza, na nje uwanja wa saruji. Kimani mwenyewe alikuwa mzee mkimya, miwani imefungwa kwa uzi. Hakumletea kiti. Mwanabibi alisimama akingoja kusikia bidhaa zikisifiwa, asisikie. Hilo nalo akalitilia shaka. Alishawahi kuona wezi wachangamfu na wezi wakimya, na hao wakimya ndio waliomsumbua zaidi kazini.

Alimwambia anataka kuijaribu jeki kabla ya kuinunua, tena si kwa kuipampu hewani. Anataka ibebe gari lake na ikae. Alitarajia akataliwe.

"Lete gari hapa kwa saruji," Kimani alisema.

Waliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kimani alisukuma jeki ya kwanza, akatafuta mahali pa chesi, fremu ya chini ya gari, penye chuma kigumu, akapandisha mpaka tairi likaachana na ardhi. Mwanabibi alitoa futi ya kushonea ya mumewe mkobani, akapima kutoka saruji hadi chesi, akaandika. Kisha akaomba wangoje saa nzima. Kimani alirudi ndani kuhudumia wateja wengine. Mwanabibi akabaki nje juani, hakuliacha gari, kwa kuwa alifikiri mtu anaweza kuja kulipandisha kidogo akiwa amegeuka.

Saa ilipokwisha, gari lilikuwa limeshuka upana wa kidole. Alimwita Kimani, akamwonyesha futi. Mzee alivua miwani, akasoma, akaishusha jeki, akaipeleka nyuma ya duka na kuigeuza kichwa chini juu ya rundo la vyuma vibovu. Mwanabibi aliifuata kwa macho. Alikuwa na hakika kwamba akiondoka itarudi rafuni.

Jeki ya pili ilikuwa mbaya kwa sura, rangi imeparuka, viungio vyake vimechomelewa kwa mstari mnene usiokatika. Ilikaa saa nzima. Futi haikubadilika hata kwa unywele. Akaomba saa ya pili. Ikakaa.

Wakati huo wateja walikuwa wamepungua, Kimani akatoka na kuketi juu ya tairi. Alimuuliza kwa nini anaogopa hivi. Mwanabibi, ambaye kwa kawaida hakuwaambia wauzaji mambo yake, alimweleza kuhusu Mwidani, kuhusu tairi lililokuwa limetolewa, mkono uliokuwa chini ya sahani ya breki, na jeki mbovu ya Ruwa iliyoshuka yenyewe.

Kimani alisikiliza.

"Ilishuka, au ilianguka?" aliuliza.

Mwanabibi hakuona tofauti.

"Umeona ile ya kwanza," Kimani alisema. "Jeki ikichoka, inashuka pole pole. Mtu ana nafasi ya kutoa mkono. Gari likija chini kwa pigo moja, mara nyingi jeki imepinduka. Uliikuta imekaaje?"

Aliikumbuka. Aliporudi nyumbani jioni ile kuchukua nguo za hospitali, gari lilikuwa limelalia upande, na jeki ilikuwa kando, imeanguka ubavu, karibu na tangi la maji. Chini palikuwa mchanga, na tangi lile lilivuja siku zote.

"Na chini yake aliweka nini?"

"Ubao," Mwanabibi alijibu. "Pale nyumbani palikuwa na ubao mpana. Lazima aliuweka."

Alipotamka neno hilo aliuona ule ubao. Aliuona pale ulipokuwa jioni ile, umeegemezwa ukuta wa jikoni, hatua kumi kutoka kwenye gari, mkavu, hauna tope wala alama ya gurudumu la jeki. Alikuwa ameupita mara mbili akiingia na kutoka. Mtu aliyeweza kuona tone la gundi kwenye lakiri aliupita ubao ule, kwa sababu wakati huo alikuwa tayari anajua nani mwenye makosa.

Kimani alinyanyuka kwenye tairi. Alimwambia tu asilale chini ya gari kwa kutegemea jeki, hata hii nzuri. Jeki ni ya kupandishia. Ikishapandisha, gari likalie stendi mbili za chuma, na yote hayo juu ya sakafu ngumu. Mwanabibi alinunua jeki na stendi. Alipokuwa anaondoka alimwona mzee akiipiga ile jeki ya kwanza kwa nyundo kwenye valvu mpaka ikapinda. Aliona aibu, ingawa hakuna aliyejua alichokuwa akikiwaza.

Njiani alijaribu kumtetea mumewe. Labda ubao uliokotwa na majirani. Labda walikuwa na mbao mbili. Lakini kazi yake ya zamani ilikuwa imeifundisha akili yake kwenda peke yake, na kufikia Mtongwe alikuwa amekwisha kukumbuka mambo mengine: kwamba kila alipomtaja Ruwa, Mwidani alinyanyuka kwenda kuchota maji, kwamba hajawahi, hata siku moja, kumlaani Ruwa kwa kinywa chake mwenyewe, na kwamba asubuhi ile ya chai hakumwambia atafute jeki nzuri. Alimwambia aache.

Alimkuta kibandani akipanga vifungo. Aliitoa jeki garini, akaiweka sakafuni mbele yake.

"Baba Nasreen, nataka unionyeshe ulivyoiweka siku ile."

Mwidani aliitazama jeki, akatazama mkono wake. Mtu aliyepita barabarani aliwasalimu, wote wawili wakamjibu. Kisha Mwidani akaingia ndani na Mwanabibi akamfuata.

Alimweleza akiwa amekaa kitandani, bila kumtazama. Ruwa alileta jeki, akaleta na stendi mbili ndani ya gunia. Alimwambia aweke ubao mpana chini, maana mahali pale pana maji. Mwidani alikuwa na kanzu za harusi za kumaliza siku ile. Alitaka kuona tu mlio wa breki unatoka wapi, dakika tano. Ubao aliuleta mpaka ukutani akaona atachelewa. Gunia hakulifungua. Alipovuta sahani ya breki kwa nguvu, gari likayumba, jeki ikazama upande mmoja na kutoka.

Mwanabibi alimuuliza kwa nini alidanganya.

"Hukuniuliza imetokeaje," Mwidani alisema. "Uliingia wodini ukaniuliza, jeki ya nani. Nikakwambia, ya Ruwa. Hilo lilikuwa kweli. Mengine uliyamaliza mwenyewe, nami nikanyamaza."

"Miaka tisa?"

"Wiki ya kwanza ningeweza. Baadaye ulishawaambia watu wote. Nilikuwa nimekwisha kupoteza mkono, nikaogopa nitakupoteza na wewe."

Alisema pia jambo ambalo lilimchoma Mwanabibi kuliko yote. Ruwa alikwenda hospitali siku ya tatu, akamwomba Mwidani aseme kweli. Mwidani alijifanya amelala. Mwanabibi aliikumbuka siku ile. Alimkuta Ruwa mlangoni mwa wodi, Ruwa akajaribu kumwambia habari ya ubao na gunia la stendi, naye akamwambia kila mwizi wa kontena ana hadithi yake.

Siku tatu hawakusemezana zaidi ya salamu. Mwanabibi alipeleka mboga, akarudi, akapika. Alijikuta anatilia shaka kila kitu alichowahi kuambiwa na mumewe, hata mambo madogo, hata kama kweli anapenda samaki wa kupaka. Nasreen, binti yao aliyeolewa Bamburi, alipiga simu akasikia sauti ya mamake, akauliza kuna nini. Akaambiwa hakuna. Siku ya nne Mwanabibi alimwambia Mwidani avae viatu.

Ruwa alipatikana Mwakirunge, si mbali na machimbo ya mawe, akitengeneza malori chini ya paa la mabati. Vumbi jeupe lilikuwa limefunika kila kitu, nywele zake pia, ama labda zilikuwa mvi. Aliwaona wakishuka garini na hakuacha kazi. Alijibu salamu yao kamili, jinsi inavyostahili kujibiwa, kisha akaendelea kufungua nati.

Mwanabibi alikuwa amejiandaa kusema, lakini Mwidani alimtangulia. Alisimama na mkono wake mbovu mbele ya tumbo kama mtu aliyebeba kitu, akayasema yote: mchanga, ubao, gunia, hospitali. Alisema mbele ya makuli wawili wa machimbo waliokuwa wakingoja lori lao. Hakujitetea kwa kanzu za harusi.

Ruwa alifuta mikono. Alipozungumza hakumwelekea Mwidani.

"Dada Mwanabibi, uliwaambia watu wangapi?"

Mwanabibi alijua idadi, kwa kuwa njia nzima alikuwa akiwahesabu. "Nyumba kumi na saba. Na msikitini, upande wa wanawake. Na ghalani."

"Rudi kwao," Ruwa alisema. "Mimi sina la kukufanya wala sina la kukudai. Lakini mke wangu alikufa akiulizwa sokoni kama mumewe ndiye yule wa jeki. Rudi kwao, nyumba moja moja, useme kama ulivyosema kwanza."

Mwanabibi hakuwa na habari kwamba mkewe amekufa. Alitoa pole, na ilikuwa pole iliyochelewa mno, akaisikia mwenyewe ilivyochelewa. Ruwa aliipokea kwa kutikisa kichwa. Hakuwakaribisha kukaa. Walipokuwa wanaingia garini alimwita Mwidani, akashika ule mkono wa kushoto, akaugeuza huku na huku, akauliza kama bado unauma wakati wa baridi. Mwidani akasema unauma. Ruwa akauachilia, akarudi kwenye lori lake.

Mwanabibi alianza Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Alikwenda nyumba hadi nyumba akiwa na Mwidani pembeni, kwa sababu hakutaka tena kuwa shahidi wa jambo ambalo hakuliona. Kwingine walisikilizwa tu. Kwingine wenyewe walikuwa wamehama ama wamekufa, na watoto wao hawakumjua Ruwa ni nani. Mwanamke mmoja alilia, kwa kuwa mumewe alikuwa wa kwanza kuliondoa gari lake gerejini kwa Ruwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Rahima, shoga yake wa tangu utotoni, aliyekuwa akikuna nazi barazani. Rahima alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama Mwidani, akamtazama Mwanabibi kuanzia kichwani hadi miguuni, mkono wake bado umeshika nusu ya nazi.

"Na huyo Ruwa," aliuliza pole pole, "amewapa nini mje mseme haya?"

Mwidani alishtuka, akafungua kinywa. Mwanabibi alimgusa bega. Alijua vizuri sana swali lile linatoka wapi, na alijua kwamba halijibiwi kwa kiapo. Alivua viatu, akapanda barazani, akakaa chini karibu na mbuzi ya kukunia nazi, akamwomba Rahima amuulize chochote anachotaka kuhusu siku ile, mahali gari lilipokuwa, jeki ilivyolala, ubao ulipokuwa, aulize mpaka atosheke.

Rahima alisogeza sinia la nazi kando, akaanza kuuliza.